Rangi Nyeusi Haisemi

Mume wangu hajui kukaa. Wanawake wengine wakisema hivyo wana maana kwamba mume haonekani nyumbani. Mimi namaanisha kukaa kwenyewe, makalio kwenye kiti. Chai anainywa wima. Redio anaisikiliza akizunguka meza. Katika picha zetu za ndoa, zile tulizopigwa tumeketi, uso wake una ukungu kwa sababu alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Mtaani wanamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na yeye huitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kazi yake ni rimu za magari. Haziuzi, anazifufua. Mtu huleta rimu za aluminiamu zilizoparuzwa na kingo za barabara, rangi imebanduka, zinatia huruma. Kiguu anazivua tairi, anazichovya kwenye dawa ya kutoa rangi, anazipuliza mchanga mpaka zibaki uchi, anajaza makovu na kusugua. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naziba kwa tepu ya joto kila mahali pasipotakiwa rangi: matundu ya nati, kitovu cha katikati, kitundu cha valvu. Yeye anazitundika kwenye fremu ya chuma na kuzipulizia poda kwa bunduki ya umeme, poda ile inang'ang'ania rimu kama vumbi kwenye kioo cha televisheni, kisha fremu nzima inasukumwa tanurini. Dakika ishirini kwa nyuzi mia moja na tisini. Ikitoka, ile si rangi tena, ni ngozi. Unaweza kuigonga kwa ufunguo na isibanduke.

Tanuri alilitengeneza mwenyewe, enzi zile akiwa mchomeleaji wa nondo za madirisha. Ni kabati la chuma ambalo mtu mzima anaweza kuingia akasimama, ingawa sikushauri. Vipasha moto vyake alivitoa kwenye tanuri la mkate lililokufa. Siku ya kwanza lilitoa moshi hadi mwenye nyumba akaja mbio na ndoo ya maji, na Kiguu akamshukuru, akaitumia ile ndoo kunawa mikono. Rimu nne za kwanza kutoka mle bila dosari, za rangi ya kijivu, alizifunga kwenye gari letu dogo. Watu wameziulizia miaka nenda miaka rudi. Jibu lake ni moja: "Hizo ni cheti changu. Mtu hauzi cheti."

Ndani ya tanuri kuna waya mwembamba wa kupima joto, mwishoni una kibanio kama cha nguo. Kibanio kinabanwa kwenye rimu yenyewe, na waya unapeleka habari kwenye kisanduku cha nje chenye tarakimu nyekundu. Kisanduku kikiambiwa bado kuna baridi, kinaongeza moto. Hakina akili nyingine zaidi ya hiyo. Kubana waya ni kazi yangu, na kabla ya kufunga mlango Kiguu huuliza kwa sauti, "Waya?" nami hujibu, "Upo!" Ndipo anafunga. Miaka tisa tumefanya hivyo, mara nne au tano kwa siku, hata watoto wetu wakifunga kabati la vyombo mmoja humuuliza mwenzake, "Waya?" na mwingine hujibu.

Kiguu hapuuzi swali lile, na ana sababu. Aluminiamu ya rimu ilipashwa moto kiwandani kwa kipimo chake ili iwe ngumu. Ukiipika kupita kiasi, inalainika. Kwa macho huwezi kujua. Itang'aa, itapendeza, itafungwa kwenye gari, halafu siku moja itakutana na shimo.

Sasa nije kwenye kosa.

Binti yetu mkubwa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi, na siku ya Jumapili akaomba jambo moja tu: tule pamoja sote wanne, tumekaa. Nilipika kutwa. Nikatandika kitambaa kile cha wageni. Kiguu alikaa, nisimsingizie, alikaa kama dakika tatu. Kisha akainuka na kipande cha nyama mkononi, akasema anakwenda kuangalia kama amefunga pampu ya hewa, na hakurudi mpaka vyombo vilipokuwa vimeoshwa. Binti alikuwa akichezea kijiko. Akaniambia, "Mama, mwache tu. Ndivyo alivyo." Ni ile "mwache tu" iliyoniuma, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na minane hapaswi kuwa ameshamzoea baba yake kiasi hicho.

Jumatatu asubuhi nilisafisha tanuri kwa hasira. Wanawake wenzangu wanajua usafi wa hasira ulivyo, mtu husugua hadi chuma kiombe radhi. Ili nifute vizuri niliuchukua ule waya nikautundika kwenye msumari wa pembeni mwa mlango, pale ambapo mpira wa mlango umechakaa na upepo wa nje hupenya. Nikamaliza kufuta. Sikuurudisha.

Mteja pekee wa siku hiyo alikuwa mkunga mmoja mstaafu, mama mnene mcheshi, gari lake la aina moja na letu. Alitaka rimu nyeusi, nyeusi isiyong'aa. "Kesho nampeleka binti yangu kwa mumewe," alituambia, "pamoja na kitoto cha siku kumi. Sitaki wakwe waone nimekuja na magurudumu yenye ukurutu." Kiguu alicheka. Fremu ikaingia. Akauliza, "Waya?"

Nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa bado naiona ile sahani yake ya jana, nusu imeliwa. "Upo!" nikasema, kwa ukali, jibu la kumfukuza mtu.

Tarakimu nyekundu zilichelewa kupanda siku hiyo. Kiguu alizunguka tanuri mara nyingi, akasema, "Umeme leo mdogo." Rimu zilipotoka zilikuwa nyeusi tii, na kwa kuwa zilitakiwa zising'ae, hazikuwa na mng'ao wa kupoteza. Mkunga alizipapasa kama anapapasa kichwa cha mtoto. "Mama," Kiguu alimwambia akikaza nati, "hizi zitakuzika wewe."

Jumanne mkunga aliondoka saa nne asubuhi, akatupigia honi alipopita karakana. Sisi tulikuwa tunaingiza seti nyingine, ya rangi ya fedha yenye koti la juu lililo wazi kama kioo. "Waya?" "Upo!" Mimi si mtu wa hasira za siku moja.

Saa nne na nusu Kiguu alifungua mlango akasimama tuli. Hilo peke yake lilinifanya nigeuke. Lile koti la kioo lilikuwa limegeuka manjano, rangi ya chai iliyotiwa maji mengi. Tukatazamana. Koti la wazi likipikwa mno hugeuka manjano, kila mtu wa kazi hii anajua hilo. Rangi nyeusi ndiyo haisemi.

Alikimbilia kisanduku kutazama tarakimu, na hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni. Niliuona waya pale msumarini. Nikanyoosha mkono nikautoa, nikauacha uanguke sakafuni mwa tanuri karibu na kizingiti. Alipokuja aliukuta umelala chini.

"Utakuwa umechomoka," nikasema.

Akauokota, akabonyeza kibanio mara mbili. "Springi imelegea," alisema taratibu. "Niliiona mwezi uliopita. Nikasema nitaibadilisha." Kisha uso wake ukabadilika. "Jana. Umeme haukuwa mdogo jana."

Tulimpigia mkunga mara saba. Simu iliita ikakatika. Nilikumbuka alivyojisifu: akishika usukani, simu inaingia mkobani na mkoba unaingia kwenye buti. Alikuwa ametuambia pia kwamba angepumzika kituo cha mafuta cha juu, kabla ya mteremko mrefu, ili kitoto kinyonye. Kiguu alishaingia kwenye gari. Nilipanda mlango ukiwa bado wazi, tepu ya joto ikiwa imening'inia kwenye mkono wa gauni langu.

Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile, na ilikuwa ya saa moja na robo tu. Kiguu hatulii hata akiendesha. Vidole vinapiga ngoma kwenye usukani, goti linatikisika. "Kibanio," alikuwa akisema. "Kibanio cha bei ya peremende. Nilikiona kwa macho yangu haya mawili." Alipolipita gari lolote la aina ya letu aliinama kutazama magurudumu. "Mtoto ana siku kumi," alisema. "Hata jina sijui kama wameshampa." Kila tulipoingia kwenye shimo nilijikunja. Tuliona gari limesimama kando ya barabara, watu wamelizunguka. Lilikuwa limeishiwa maji tu. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili akasema kabla yangu, "Usinifariji, Mama Watoto. Kosa ni langu," nami nikaufunga tena.

Walikuwa pale kituoni, upande wa kivuli. Binti wa mkunga alikuwa kiti cha nyuma ananyonyesha. Mkunga mwenyewe alikuwa amesimama anakunywa maji, akatuona, akafurahi. "Mmenifuata? Nimesahau nini?"

Kiguu hakumwamkia. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akaingiza mkono nyuma ya rimu, akapapasa ukingo wa ndani pole pole. Mkono ukasimama mahali pamoja.

"Mama, umepiga shimo?"

"Dogo tu. Hata mtoto hakuamka."

"Njoo ushike hapa."

Akainama kwa shida, akashika. Ukingo wa ndani ulikuwa umelala, umeingia ndani upana wa vidole vitatu. Tairi lilikuwa bado limeshikilia, kwa bahati au kwa dua za mtu.

"Rimu nzima haipindi kwa shimo lisiloamsha mtoto," Kiguu alisema. "Nimezipika mno, mama. Zimelainika zote nne. Huwezi kuteremka nazo."

Mkunga aliutoa mkono kwenye ukingo. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Jana si ulisema zitanizika?"

"Nilisema. Ndiyo maana nimekuja."

"Kosa la nani?"

"Langu. Kibanio kilikuwa kimelegea, sikukibadilisha."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nimeshika spana ya nati. Ungeniambia niimeze nisiseme, ningeimeza.

Kiguu alipandisha gari letu kwa jeki, akaweka mawe chini yake, akavua cheti chake, gurudumu moja baada ya jingine, akazifunga kwenye gari la mkunga. Matundu manne kwa manne, zikaingia bila ubishi. Mkunga alisema, "Fundi, hizi ni zako," naye akajibu, "Zilikuwa." Alikaza nati akarudia kuzikaza. Aligonga kila rimu akasikiliza, ingawa alizijua rimu zile kuliko anavyonijua mimi. Kisha wakaondoka, taratibu. Binti wa mkunga alipunga mkono wa kitoto dirishani, kitoto kikiwa usingizini na habari hakina.

Gari letu likabaki juu ya mawe kama kuku aliyenyonyolewa. Kiguu alimpigia jirani yetu wa matairi, yule tunayemwita Pancha, atuletee rimu nne za chuma. Pancha alicheka kwenye simu mpaka nikamsikia: "Kiguu amekosa miguu! Haya, mwambie shemeji asilie, nakuja baada ya saa mbili." Basi ikawa hatuna pa kwenda wala cha kufanya. Kiguu alizilaza zile rimu nyeusi na tairi zake chini ya ukuta, akaketi juu ya moja. Akakaa. Dakika tano, kumi, ishirini. Hakutikisa hata goti. Alikuwa anatazama mikono yake.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu Jumapili, mume aliyekaa. Nikakiona, na sikuweza kukivumilia.

"Kibanio hakikuchomoka," nikasema.

Hakugeuka.

"Nilikitoa mimi nikisafisha. Nikautundika waya msumarini. Uliponiuliza sikuangalia. Jana sikuangalia, leo sikuangalia. Na leo asubuhi ulipokimbilia kisanduku, niliutoa msumarini nikauangusha ili usiuone."

Aliinuka. Nikajua sasa yale niliyoyaogopa yamefika. Lakini alienda zake hadi kwenye pampu za mafuta, akazizunguka, akarudi, akazizunguka tena. Yule anayeuza mafuta alimuuliza kama ana shida, akamwambia hapana, ana mke. Mara ya tatu alikuja akasimama mbele yangu.

"Ulinijibu 'upo' kwa sababu umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Kwa kile chakula?"

"Kwa kile chakula. Mtoto alikuomba kitu kimoja."

Niliona kwamba hilo limemwingia. Kisha akasema, "Mimi ninunie. Ninyime maji ya kuoga, nilaze sebuleni. Nimezoea, na mara nyingine ninastahili. Lakini nikiuliza waya, siulizi kama mumeo. Anayeuliza ni yule anayepanda gari." Akaelekeza kidole barabarani. "Na umeniacha nimwambie yule mama uongo mbele ya mjukuu wake."

Nililia, ndiyo. Sikulia ili anionee huruma. Nililia kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu ukingo ule uliolala nilikuwa bado nausikia kwenye vidole vyangu ingawa sikuushika.

"Utampigia," alisema. "Wewe mwenyewe."

Nilimpigia jioni, tuliporudi, alipokuwa ameshafika kwa wakwe. Nilimwambia yote, hadi msumari. Nikasikia kitoto kikilia chumba cha pili. "Mwanangu," alisema, "nimekaa miaka thelathini na wanawake wanaonificha mambo, na mficha uchi hazai. Mumeo anajua?" Nikamwambia anajua. "Basi wewe na mimi yameisha. Ya kwako na yeye myamalize huko huko." Akakata, na sikuweza kujua kama amenisamehe au amechoka.

Kiguu alikuwa uani akiziponda zile rimu nyeusi kwa nyundo kubwa, asije mtu akaziokota akazifunga. Zilikunjika kwa urahisi wa kutisha. Jioni ile alikula wima kama kawaida yake, lakini alikula amesimama nyuma ya kiti cha binti yetu, mkono mmoja juu ya bega lake, akimuuliza habari za chuo, na hakutoka mpaka binti alipomaliza kula.

Asubuhi nilifika karakana kabla yake. Kibanio kipya, alichokiacha usiku, kilikuwa juu ya meza yangu, bado kwenye karatasi yake. Nilikifunga kwenye waya. Tulitundika ile seti ya fedha iliyoharibika, tuliyokuwa tumeivua rangi upya kwa ajili ya kujaribia tanuri tu; baada ya hapo nayo ingekwenda kwenye nyundo, na mwenye rimu hizo alikuwa ameshaambiwa. Hatukuwa tumeongea tangu tuamke. Poda ikapulizwa. Fremu ikaingia. Kiguu akashika mlango.

Nilingoja aje upande wangu aangalie mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijua ni haki yake, na nilijua tangu siku hiyo ataangalia kila mara, mpaka tuzeeke. Nilisogea kidogo nimpishe.

Hakuja. Alibaki pale pale mlangoni, ananitazama.

"Waya?"

Nilirudi kwenye fremu. Nikanyoosha mkono nikakigusa kibanio, nikakivuta nione kama kimebana, nikaufuata waya kwa vidole mpaka unapotokea ukutani, nikarudi tena kwenye kibanio. Nilichukua muda mrefu. Kiguu, ambaye hajui kungoja, alingoja.

"Upo," nikasema.

Akafunga mlango.